Ukisusa, wenzio twala: Nimegoma kununua nyimbo za kuchoma, sasa mama hasemi nami

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mbeya mjini, nina miaka 43, mke na watoto watatu. Mama yangu mzazi anaishi Tukuyu. Tangu Pasaka hasemi na mimi, na ndugu zangu wote wanasema mwenye makosa ni mimi. Chanzo ni msimamo wangu wa kutonunua muvi wala nyimbo za kuchoma, yaani zilizonakiliwa bila ruhusa ya wenyewe. Najua mtu akisikia hivyo ataona ni jambo dogo, kwa hiyo naomba nikueleze lilikotoka.

Mwaka 2014 kwaya yetu ilirekodi. Tulikuwa watu 32. Tulikodi shamba Isyonje, tukalima viazi misimu miwili, kila mmoja akaongeza mchango wa mfukoni, na sare nilizishona mimi kwa nusu bei. Studio, video na nakala 1,000 za DVD vilitugharimu Sh 5,800,000. Serikali ilikuwa imeleta stempu za TRA za kubandika kwenye kasha la kila CD na DVD, na sisi tukasema tutafuata utaratibu. Tulikesha katika ofisi ya kwaya, sauti ya kwanza hadi ya nne, tukibandika stempu moja moja kwa mikono. Mtunza hazina nilikuwa mimi.

Siku ya uzinduzi na Jumapili mbili zilizofuata tuliuza nakala 230, kila moja Sh 5,000. Jumapili ya tatu hakununua mtu. Wiki hiyohiyo nilikwenda Mwanjelwa kutafuta zipu na vifungo, nikasikia wimbo wetu namba tatu kwenye spika ya kijana aliyepanga CD zake chini juu ya turubai. Wimbo huo mwanzishaji ni mimi. Nikasimama. Akanipa sahani yake niione: nyimbo 60 za kwaya mbalimbali, Sh 1,000. Kwenye kasha alikuwa ameweka fotokopi ya picha yetu, nyuso zimekuwa za bluu, na akina mama wa sauti ya kwanza wamekatwa kwa sababu hawakuenea kwenye karatasi. Kilichonichoma zaidi ni kwamba yule kijana alikuwa anaimba pamoja na spika. Maneno yote anayajua, na pale besi inaposhuka alikuwa anaishusha vizuri kuliko baadhi yetu. Alikuwa anaupenda ule wimbo kweli. Niliondoka bila kusema neno, na zipu sikununua.

Katoni za DVD zilizobaki bado zipo ofisi ya kwaya. Hatujarekodi tena mpaka leo. Wenzetu wawili waliokopa ili walipe mchango walimaliza madeni yao kwa kuuza mbuzi.

Siku ile niliapa kwamba senti yangu haitaingia tena kwenye kazi ya mtu iliyoibwa. Nyumbani kwangu hakuna muvi ya kuchoma, hakuna sizoni za kutafsiriwa, hakuna kurushiwa nyimbo kwenye simu. Mke wangu alivumilia. Watoto wanakwenda kuangalia kwa jirani, na mwaka jana nilikuta flashi kwenye soksi ya kijana wangu wa kidato cha pili. Niliichukua, nikamwambia katika nyumba hii hatuli vya wizi.

Sasa mdogo wangu. Alimaliza kidato cha nne, akahangaika miaka mingi, mwisho akafungua laibrari ya muvi kule Mbalizi: kompyuta moja ya mtumba, diski mbili za kuhifadhia muvi, na daftari la orodha. Unakuja na flashi yako, unachagua, anakuingizia. Alipoanza aliniomba nimwongezee mtaji wa Sh 400,000, nikakataa. Hakugombana. Alicheka tu, akasema, "Kaka, ukisusa wenzio twala." Ukweli ni kwamba dawa za presha za mama ananunua yeye kila mwezi kutokana na laibrari hiyohiyo.

Pasaka tulikwenda wote Tukuyu. Mama ana redio ndogo ya kuchaji kwa sola, ile yenye tundu la memori kadi. Ameivisha kipande cha kanga na kuitundika kwenye msumari jikoni. Alinunuliwa na mdogo wangu, na kadi yake ilijazwa nyimbo 300 za injili. Mama akiwa migombani, nilichomoa ile kadi nikaitia mfuko wa shati. Nilipanga nimletee nyingine yenye mahubiri. Jioni akabonyeza redio, ikakoroma tu. Nikamweleza ukweli: "Mama, zile nyimbo ni za wizi." Akanitazama, akasema, "Na wako?"

Sikumwelewa. Mdogo wangu ndiye aliyenitoa nje akaniambia. Kwenye kadi ile kulikuwa na wimbo wetu namba tatu, na mama alikuwa akiufungua kila usiku kabla ya kulala. Mama hana deki, hana televisheni, hana umeme. Albamu tuliyoilimia viazi misimu miwili hakuwahi kuisikia mpaka mdogo wangu alipomwekea mwaka juzi. Mimi sikuwahi hata kufikiri kwamba hajaisikia.

Asubuhi alipika mbalaga. Kila mtu alimpa sahani yake mkononi. Ya kwangu alimpa mke wangu aniletee. Tangu hapo nikipiga simu anapokea mjukuu, anasema bibi yuko shambani, hata kama ni saa mbili usiku.

Kadi bado ninayo, iko kwenye droo ya cherehani pamoja na bobini. Nikiirudisha naona nitakuwa nimeubariki wizi ulioiua kwaya yetu. Nisipoirudisha nampoteza mama. Mdogo wangu naye sijui nimchukulieje: ni ndugu yangu, lakini anachofanya ndicho nilichofanyiwa. Shangazi, niache msimamo wangu?

Fundi, Mbeya

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilipofika kwa yule kijana wa Mwanjelwa anayeishusha besi, niliiweka chini kwanza. Umeandika bila kujipendelea, hata pale ambapo ungeweza kuficha, na hilo limenisaidia kukujibu.

Nianze na kadi, maana ndiyo inayowaka. Irudishe. Usisubiri mwisho wa mwezi wala usisubiri mama apokee simu. Uliapa kwamba mali ya mtu haichukuliwi bila mwenyewe kuridhia. Ile kadi ilikuwa ya nani? Ilikuwa ndani ya redio ya mama, kwenye msumari wa mama, jikoni kwa mama, na wewe uliichomoa akiwa migombani. Mama hakuzidisha nakala, hakuuza, hakupata shilingi. Aliletewa zawadi na mwanawe akaipenda. Kama ulikuwa na neno juu ya zawadi hiyo, wa kuambiwa alikuwa mdogo wako, na mama alistahili kuulizwa kabla mkono haujafika kwenye tundu. Hili halihusiani na hakimiliki. Linahusu adabu kwa mzazi, na nadhani unalijua, ndiyo maana kadi umeiweka kwenye droo badala ya kuitupa.

Kuirudisha si kubariki wizi. Utakuwa unamrudishia mwenye kadi kadi yake.

Sasa huo msimamo. Wengi wanaokuzunguka wangependa nikuambie uuache. Sikuambii hivyo, kwa sababu katika kiini chake una haki kabisa, na nataka ujue una haki kwa kiasi gani. Tanzania imo katika Mkataba wa Berne wa kulinda kazi za sanaa tangu mwaka 1994, na ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Mwalimu wenu aliyetunga wimbo namba tatu ana hakimiliki juu yake maisha yake yote, na baada yake warithi wake miaka 50. Ninyi mlioimba, pamoja na aliyegharimia kurekodi, mna hakishiriki, yaani haki juu ya uimbaji na rekodi yenyewe. Watu wengi hudhani wimbo ambao haujaandikishwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki, hauna mwenyewe. Sivyo. Haki inazaliwa siku kazi inapozaliwa. Kuandikisha kunakupa ushahidi, lakini wimbo ulikuwa wenu hata kabla hamjaenda ofisi yoyote. Yule kijana wa turubai aliuza kitu chenye wenyewe 32, na alikwenda nyumbani na faida wakati wenzenu wawili wanauza mbuzi. Usikubali mtu yeyote, hata ndugu, akuambie hilo ni dogo.

Nami nina la kukiri hapa. Nilikulia Kihesa, Iringa. Wakati wa kaseti tulikuwa tunashuka mpaka Miyomboni na kaseti tupu mkononi na karatasi ya daftari yenye majina ya nyimbo tuliyoandika kwa zamu na dada yangu. Tunamwachia mwenye duka asubuhi, jioni tunaifuata imejaa. Mwenye duka alilipwa. Mwenye gari alilipwa nauli. Mwanamuziki hakulipwa na mtu, na sisi hatukujua kwamba kuna wa kulipwa. Hatukuwa watoto wabaya. Tulipenda muziki, na mlango tulioonyeshwa ulikuwa huo mmoja. Nakuambia haya ili ukimkumbuka yule kijana ukumbuke na kule kuimba kwake. Anayeijua besi yenu kiasi kile alikuwa mteja wenu. Mlimkosa tu.

Na hapo ndipo ninapotofautiana nawe. Kiswahili kimetupa maneno mawili yanayokaribiana, kususa na kugoma. Mtoto anasusa: anasukuma sahani, ananuna, hasemi anataka nini, na anangoja watu wazima wahisi vibaya. Wenzake wanakula. Ndiyo maana akina mama wakayaandika kwenye kanga maneno aliyokutupia mdogo wako. Wafanyakazi wanagoma: wana madai, wana wa kumdai, wanakubaliana kati yao, na siku madai yakijibiwa wanarudi kazini. Hapohapo Mbeya mnaye Joseph Mbilinyi, Sugu, aliyekuwa mwanamuziki kabla hajawa mbunge wenu mwaka 2010. Mwaka 2011 yeye na wasanii wenzake, waliojiita Vinega, walisimama hadharani kulalamikia jinsi wasanii wanavyonyonywa. Unaweza kukubaliana nao au usikubaliane nao, lakini kila aliyewasikiliza alijua wanamlalamikia nani na wanataka nini.

Wewe mgomo wako una madai gani, na nani anayajua? Miaka yote hii yule kijana hajui kwamba ulisimama mbele yake. Kanisa halijui. Watoto wako wanajua kwamba baba hataki muvi, lakini sidhani kama wamewahi kuoneshwa zile katoni na stempu zake na kuambiwa zilivyobandikwa usiku kucha. Kijana wa kidato cha pili aliyeambiwa "hatuli vya wizi" amesikia amri. Angesimuliwa lile kasha lenye nyuso za bluu angesikia habari ya baba yake. Mchukue siku moja ofisi ya kwaya, mfungulie katoni. Flashi yake mrudishie.

Kuna jambo jingine, nalo nimelitafuta kwenye barua yako nikalikosa. Umeniambia usichonunua. Hujaniambia ulichonunua. Tangu siku ile ya Mwanjelwa, albamu ngapi za kwaya za Mbeya umezilipia kwa bei yake? Kuna kijana yeyote anayeimba mtaani kwenu uliyemtumia hata Sh 2,000 kwenye simu kwa wimbo wake? Shilingi uliyomnyima mwizi, kama haikwenda kwa mwimbaji, imebaki mfukoni mwako, na mwimbaji bado ana njaa ileile. Na kwa kuwa wewe ni fundi, nitakuuliza na hili kwa upole: mteja anapokuja na picha ya gauni kwenye simu akasema "nishonee hivihivi", huwa unauliza nani alilibuni? Sisemi kwamba uzito ni mmoja. Ninasema sote tunaishi karibu na mstari huo kuliko tunavyopenda kukiri, na mtu anayelijua hilo huongea na mdogo wake kwa sauti nyingine.

Tuje kwa mdogo wako. Kumnyima mtaji ulifanya sawa, na ningekushauri umnyime tena. Muvi anazoingiza zina wenyewe, kama wimbo wenu ulivyo na wenyewe, na dawa za mama hazibadilishi hilo. Lakini mtazame vizuri. Ana kompyuta, ana umeme, ana wateja wanaomwamini, na ana kitu ambacho kwaya yenu haikuwa nacho mwaka 2014: anajua kazi inamfikiaje bibi asiye na umeme. Ninyi mlitoa DVD. DVD inataka deki, deki inataka televisheni, televisheni inataka umeme. Stempu ya TRA ilitaka kasha la kubandikwa, na flashi haina kasha, kwa hiyo biashara ikahamia huko na stempu ikabaki kwenye katoni zenu. Mama yako alisubiri wimbo wa mwanawe miaka mingi, na aliyempelekea ni yule unayemwona mwizi. Mwanangu, hapo pazito. Kaa napo kidogo kabla hujaendelea kusoma.

Nenda Mbalizi, na usiende na hotuba. Nenda na madai, kama mgomaji. Kwanza nenda kwa wenzako wa kwaya, maana wimbo si wako peke yako, na kwa mwalimu aliyetunga. Wakikubali, mpelekee mdogo wako albamu yenu yote yenye sauti safi, ile ya studio, siyo iliyochomwa mara kumi mpaka kinanda kinakwaruza. Akubali kuuza ninyi mkijua, kwa bei mtakayopanga, nusu yake na nusu ya kwaya, na kila anayeingiziwa aandikwe kwenye daftari la kaunta. Muandikiane karatasi, hata ikiwa ya mistari mitatu, na muweke sahihi. Yale mafaili yenu ya bure aliyonayo ayafute mbele yako. Kiasi kitakuwa kidogo, najua. Lakini itakuwa mara ya kwanza nakala ya wimbo wenu kuingia kwenye flashi ya mtu na jina la kwaya likaandikwa mahali kwamba inadai. Likienda vizuri, kwaya nyingine mnazozijua zitataka kuingia, na yeye ataanza kuwa na bidhaa halali za kuuza.

Zile muvi za nje na sizoni hazihalalishwi na karatasi hiyo, na umwambie hivyo bila kuzunguka. Mwambie pia kwamba siku akitaka kuziacha, zile Sh 400,000 zipo. Kompyuta aliyonayo inatosha kuanzia stesheneri. Mbalizi kuna wanafunzi wanaotaka kujaziwa maombi ya mkopo wa chuo, watu wanaotafuta ajira mtandaoni, picha za pasipoti, barua za kuchapa. Anahitaji printa na mashine ndogo ya fotokopi ya mtumba. Usimpe kama sharti la kuendelea kuwa ndugu yako. Mpe kama kaka aliyekataa mlango mmoja akafungua mwingine. Akikataa, bado ni mdogo wako na bado anamnunulia mama dawa. Na hizo dawa, nusu yake ilipaswa kutoka kwako muda mrefu uliopita. Anza mwezi huu.

Kuhusu kurekodi tena, jibu fupi. Wekeni nyimbo YouTube na kwenye programu za muziki za simu, lakini msizitegemee kuwalisha. Kwa kawaida YouTube haianzi kukugawia pesa ya matangazo mpaka chaneli ipate watu 1,000 waliojiunga na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, na bibi wa kijijini hana bando. Uzeni memori kadi zenu wenyewe baada ya ibada, zimejazwa nyimbo zenu, na namba ya kulipia kwa simu iandikwe kwenye karatasi yake. Waliowaibia walitambua mapema kwamba kadi inafika kusikofika umeme. Hilo mnaweza kujifunza kwao bila kuiba.

Sasa Tukuyu.

Nenda Jumamosi hii, peke yako, usimtangulize mke wako akubebee maneno. Nunua sukari na sabuni kama kawaida yako, na nunua memori kadi mpya. Kwenye hiyo mpya weka albamu yenu yote, ile safi, na ya kwaya yoyote utakayokwenda kuilipia Ijumaa kwa mkono wako. Ile ya zamani ichukue kama ilivyo. Usifute hata wimbo mmoja kati ya zile 300. Siyo yako ya kusafisha.

Ukifika usimweleze habari ya hakimiliki. Mama hajakasirika kwa sababu ya sheria. Miezi yote hii ameuliza swali moja tu, "Na wako?", na wewe hukumjibu. Alikuwa anakuambia kwamba sauti yako ndiyo anayolala nayo, na kwamba mwenye sauti amekuja akaichomoa. Kaa chini, kwenye kigoda kama kipo. Mwambie: mama, nilichukua kitu chako bila kukuomba, nimekirudisha, naomba unisamehe. Halafu mwambie na lile la pili, ambalo naamini litakuwa gumu zaidi kutoka mdomoni: mama, niliimba, nikauza mjini, nikawasahau ninyi mliopo huku, wewe nilipaswa kukuletea wa kwanza.

Ukishasema hayo nyamaza. Akitaka kunyamaza naye, mwache. Akiondoka kwenda migombani, mfuate ukamsaidie kubeba. Usiombe akujibu siku hiyo.

Kisha jioni toa ile redio kwenye msumari, fungua kipande cha kanga, rudisha kadi yake ya zamani kwenye tundu, na ile mpya mpe mkononi. Tafuta namba tatu. Na kama mama akiizima, akakuambia uanzishe mwenyewe, anzisha.

Shangazi